Fildi Katika Kikundi Kidogo cha Taarab: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Muziki

Likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa muziki huanza kuhangaika kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wengi hukimbilia studio za kurekodia, vituo vya redio na bendi kubwa za dansi. Ni wachache wanaofikiria kupeleka barua kwa kikundi cha watu sita au saba wanaopiga taarab asilia, ingawa huko ndiko mwanafunzi anakoweza kukaa bega kwa bega na mtu aliyeishi na ala moja miaka 30 au 40.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayetaka nafasi hiyo, awe anasoma Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumira au Kenyatta. Mifano mingi ni ya Zanzibar, lakini anayekwenda Mombasa au Lamu, na hata anayejiunga na kundi la fidla mbili, viola na chelo jijini Nairobi, atakuta kanuni nyingi ni zile zile. Kubwa kuliko zote ni hii: katika kikundi kidogo utapimwa kwa usikivu wako kabla ya kupimwa kwa wepesi wa vidole vyako. Jiandae kwa hilo, na weka makubaliano ya wazi tangu mwanzo.

Kikundi kidogo ni kipi?

Kikundi kidogo ni kile ambacho kila ala ina mtu wake mmoja na hakuna anayesimama mbele kuwaongoza wengine kwa kijiti. Katika taarab utakuta udi, ganuni, fidla, akordiani, besi, ngoma ya dumbak na tari la riki, pamoja na mwimbaji na pengine waitikiaji wawili au watatu. Kwenye okestra yenye fidla 10, ukikosea noti moja wenzako wanakufunika. Kwenye kikundi cha watu sita kosa lako linasikika mpaka barabarani, na ukipatia pia unasikika.

Hii ndiyo sura ya zamani ya taarab. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alikwenda na wapigaji wachache tu. Okestra kubwa zenye safu za fidla zilikuja baadaye, kwa kufuata mfano wa Misri. Hata leo klabu kubwa kama Mila na Utamaduni, iliyoanzishwa mwaka 1958, inaweza kutoa wapigaji wachache kwa shughuli ndogo.

Usisahau kidumbak. Hapo utakuta fidla, sanduku lenye fimbo na uzi mmoja linalofanya kazi ya besi, vidumbak viwili, mkwasa wa vijiti na cherewa za kutikisa. Mpiga ngoma na mpiga gitaa la besi hujifunza mengi humo. Mombasa na Lamu nako kuna desturi yake ya vikundi vidogo vya harusini, vyenye udi na tashkota, ile ala ya Kijapani yenye vibonye iliyofanywa ya Kiswahili. Marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu, alijulikana duniani kwa muziki wa namna hiyo.

Kuchagua kikundi

Usichague kikundi kwa jina lake. Nenda kakisikilize zaidi ya mara moja, mara moja kwenye mazoezi na mara moja kwenye onyesho. Ukiwa huko tafuta majibu ya maswali haya:

- Wanafanya mazoezi siku zipi, na kweli wanakutana siku hizo?
- Nani ana subira ya kufundisha? Mpigaji hodari wa kikundi huenda asiwe mwalimu.
- Kuna ala ya akiba, au lazima uje na yako?
- Nyimbo wanazopiga zimeandikwa kwa noti, au zote zimo vichwani?
- Ratiba yao ya miezi hiyo ikoje?

Swali la mwisho lina uzito wake. Mwezi wa Ramadhani shughuli za muziki hupungua sana Pwani na Visiwani, kisha Idd inapofika vikundi huwa na kazi nyingi. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hiyo itazame kabla ya kukubali tarehe za chuo.

Zanzibar unaweza kuanzia Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, maarufu kama DCMA, kilichoanza kufundisha mwaka 2002. Walimu na wahitimu wake wengi wanapiga katika vikundi mbalimbali na watakuelekeza. Klabu zenyewe nazo ziko wazi kwa anayekwenda kwa adabu.

Ala unayoijua itakupa pa kuanzia. Mpiga fidla na mpiga chelo wana nafasi yao tayari. Mpiga gitaa huweza kuanza udi, lakini ajue kwamba shingo ya udi haina vizuizi vya chuma, hivyo kidole kikisogea kidogo tu noti imeharibika. Mwimbaji aanze na waitikiaji. Na anayesoma na kuandika noti vizuri ana hazina ambayo vikundi vingi vinaihitaji.

Barua na makubaliano

Chuo kitakupa barua ya utambulisho. Iambatanishe na barua yako mwenyewe, fupi na ya kweli. Inaweza kuwa hivi:

“Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa muziki, ninapiga fidla. Naomba nafasi ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika kikundi chenu kwa wiki nane, kuanzia mwezi wa Julai. Nasoma noti, na mkihitaji naweza kuziandika nyimbo zenu. Taarab sijawahi kuipiga jukwaani. Naomba kujifunza kwenu. Barua ya chuo nimeiambatanisha. Nitashukuru mkinipangia siku ya kuja kuwaona.”

Ipeleke kwa mkono kama unaweza. Ukikubaliwa, andikeni karatasi moja ya makubaliano, isainiwe na wewe, kiongozi wa kikundi na msimamizi wako wa chuo. Iwe na mambo haya:

1. Tarehe ya kuanza na kumaliza, siku na saa za mazoezi.
2. Jina la mtu mmoja atakayekusimamia ndani ya kikundi.
3. Kazi zako: kupiga, kuandika noti, kutunza ala, kupanga jukwaa.
4. Nauli, chakula na posho: nani analipa, kiasi gani na lini.
5. Nani anawajibika ala ikivunjika au ikipotea.
6. Utaratibu wa kurekodi mazoezi na maonyesho.
7. Usafiri wako wa kurudi usiku.

Wapo wanaoona haya kuwaletea wazee karatasi ya kusaini. Waeleze kwamba chuo kinaitaka kwa ajili ya ripoti yako, na kwamba inawalinda wao pia. Wengi wataelewa.

Fedha

Usiingie ukitegemea mshahara. Vikundi vingi hugawana mapato baada ya shughuli, na mwanafunzi hayumo kwenye mgawo mpaka iwe imekubaliwa hivyo. Mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania anayesoma kwa mkopo aangalie mapema kama fungu la mafunzo kwa vitendo limo katika mkopo wake kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Anayetoka nje ya nchi aulize ubalozi au Uhamiaji kuhusu kibali cha mwanafunzi kabla ya kukata tiketi.

Piga hesabu ya chumba, chakula, nauli za usiku na seti mbili za nyuzi. Kikundi kikianza kukutegemea kila wiki na kumlipisha mteja kwa ajili yako kama mpigaji kamili, omba mzungumze upya, na umhusishe msimamizi wa chuo.

Kabla hujafika: lifundishe sikio

Taarab asilia imejengwa juu ya maqamu, yaani mpangilio wa noti wenye tabia na mwendo wake. Yako mengi, lakini anza na manne: Rast, Bayati, Hijaz na Nahawand. Chagua wimbo mmoja kwa kila maqamu, uimbe kwa mdomo mpaka uuzoee, ndipo uushike kwa ala.

Bayati ndiyo itakayokupa kazi. Kinanda cha kawaida hugawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa. Ukianzia D, noti ya pili ya Bayati haiko kwenye E wala kwenye E ya chini. Inakaa katikati ya hizo mbili, na kinanda cha kawaida hakina kitufe chake. Tena mahali pake hasa hutofautiana kati ya mji na mji, na hata kati ya mpigaji na mpigaji. Kipimo cha simu hakitakusaidia sana. Msikilize mpiga ganuni au mwimbaji wa kikundi, imba noti ile pamoja naye, kisha itafute kwa kidole. Ukiipata katika wiki mbili za kwanza umefanya vyema.

Uliza pia nyuzi za ala yako zinafungwaje hapo. Wapigaji wengi wa fidla katika muziki wa Kiarabu hufunga G-D-G-D badala ya G-D-A-E uliyofundishwa chuoni, na udi una namna kadhaa za kufungwa. Fuata ile ya kikundi.

Wiki ya kwanza

Fika mapema kuliko wote. Vua viatu mahali wanapovua, amkia wakubwa kwa shikamoo, na uwaite Maalim, Mzee au Bi kama wenzako wanavyowaita. Vaa kwa heshima ya mahali, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa. Usikae kwenye kiti kabla hujaonyeshwa kilipo chako.

Kisha omba kusaidia kutuni ganuni. Ombi hili dogo litakufundisha kuliko mihadhara mingi. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, na noti nyingi hubeba nyuzi tatu kila moja. Zuia nyuzi mbili kwa kidole, utuni ule uliobaki kwa kufuata udi au akordiani. Uachie wa pili na uzipige mbili hizo pamoja. Kama hazilingani utasikia sauti ikiyumba, inapanda na kushuka; ikiyumba mara mbili kwa sekunde, tofauti ni herzi 2 tu. Zungusha kigingi polepole sana, na kuyumba kutapungua mpaka kutoweke. Fanya hivyo kwa uzi wa tatu, halafu nenda noti inayofuata. Nusu saa hupita hivihivi. Ukirudia kazi hii mazoezi baada ya mazoezi, utaanza kusikia fidla yako ikikosea kabla mtu hajakuambia.

Jifunze pia ala zinavyoumia. Unyevu wa Pwani hulegeza ngozi na kubadilisha sauti ya nyuzi. Udi umeunganishwa kwa gundi; ukiuacha ndani ya gari lililosimama juani unaweza kuachia. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na usiweke kitu chochote juu ya ganuni.

Kwenye mazoezi

Onyesho la taarab asilia mara nyingi hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu chenye sehemu kadhaa na kiitikio kinachorudi baada ya kila sehemu. Omba ruhusa ya kuanzia hapo, kwa kuwa hakuna mwimbaji wa kumfuata na kila mtu anapiga wimbo ule ule. Utagundua kwamba hawaupigi kwa namna moja. Mpiga udi anadonoa, ganuni inatetemesha noti, fidla inateleza kutoka noti hadi noti, na mpiga filimbi ya nai, kama yupo, anavuta pumzi mahali pake mwenyewe. Wimbo ni mmoja, mapambo ni ya kila mtu. Kwa wiki ya kwanza na ya pili piga wimbo bila mapambo. Mapambo yako yatakuja ukishajua ya wengine yako wapi.

Mwimbaji akiingia, sheria hubadilika. Anaweza kuurefusha mshororo, kuurudia, au kunyamaza akingoja watu washangilie. Hapo karatasi ya noti haikusaidii. Mtazame yeye, na mtazame mpiga udi au mpiga fidla kiongozi. Mara nyingi mkono wake utakuonyesha pa kuingia kabla sauti haijatoka. Jipime kwa kanuni moja: kama huusikii udi, wewe unapiga kwa nguvu mno.

Ukisahihishwa mbele ya watu, jibu kwa kupiga tena, usijibu kwa maelezo. Ukiwa na swali la nadharia liandike, ulete wakati wa chai. Na usimsahihishe mzee kwa yale uliyoyasoma darasani. Mwombe akuonyeshe tena anavyofanya yeye, kisha ulinganishe na daftari lako baadaye.

Usiku wa shughuli

Shughuli ya harusi au onyesho la klabu huweza kuanza saa tatu usiku na kuisha saa saba au saa nane. Andaa mkoba siku moja kabla: nyuzi za akiba, ulimbo wa fidla, koleo ndogo, tochi, vibanio vya karatasi, maji ya kunywa na vitambaa viwili vikavu. Uliza kikundi kinavaa nini.

Kazi yako ya kwanza ni kupanga viti ili kila mpigaji amwone mwimbaji na asikie udi. Hapo ndipo penye siri ya kikundi kidogo kupiga pamoja bila kiongozi wa kijiti. Usikae mbele ya spika. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kwa kipimo kinachotumika sana, kila sauti ikiongezeka desibeli 3, muda ulio salama hupungua nusu. Harusi yenye spika kubwa hupita mpaka huo kwa urahisi, kwa hiyo beba viziba masikio vya wanamuziki.

Watu watakuja kumtunza mwimbaji. Fedha hizo zina wenyewe na utaratibu wake. Usiziokote wala kuzihesabu mpaka uombwe.

Kurekodi na haki za wenyewe

Kurekodi mazoezi kwa simu kutakusaidia kujifunza, lakini omba ruhusa kila mara, si siku ya kwanza tu. Kurusha rekodi hiyo mtandaoni ni jambo jingine kabisa. Katika wimbo mmoja wa taarab, mashairi yanaweza kuwa ya mtu mmoja, sauti ya mwingine, na uimbaji wa wa tatu, na kila mmoja ana haki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1999, ikisimamiwa na COSOTA. Zanzibar kuna COSOZA na Kenya kuna KECOBO. Ukiandika wimbo wa kikundi kwa noti, weka juu ya ukurasa jina la mshairi, la mtunzi wa sauti na la kikundi. Lako liweke chini, kama mwandishi wa noti.

Usalama wako

Kazi hii ni ya usiku, na wanafunzi wengi huwa wageni mjini. Hakikisha msimamizi wa chuo ana ratiba yako ya maonyesho na namba ya simu ya kiongozi wa kikundi. Usipande gari na mtu usiyemjua kwa kuwa tu ana mwaliko. Mwanafunzi wa kike apangiwe usafiri wa kurudi pamoja na wanawake wenzake wa kikundi, na hili liandikwe kwenye makubaliano.

Mtu yeyote akikutaka kimapenzi ili akufundishe, akupangie onyesho au akujazie fomu ya tathmini, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania Bara ya mwaka 2007 inaikataza. Mweleze msimamizi wa chuo mara moja. Tanzania Bara unaweza kupiga TAKUKURU bila malipo kwa namba 113. Zanzibar taarifa hupelekwa ZAECA. Kuondoka kwenye kikundi kwa sababu hiyo si kufeli mafunzo, na chuo kina wajibu wa kukutafutia mahali pengine.

Daftari na kuaga

Chuo kitataka daftari la kila siku. “Leo tumefanya mazoezi ya nyimbo tatu” halimsaidii mtu. Andika hivi: “Jumanne. Wimbo wa pili, Bayati. Noti ya pili niliipiga juu mno. Maalim alinishusha mara mbili. Kiitikio nilichelewa kwa sababu nilitazama karatasi, sikuutazama mkono wa mpiga udi. Kesho nipige bila karatasi.” Daftari la namna hii litakuandikia ripoti yako lenyewe.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, mwombe msimamizi wako wa kikundi mkae pamoja kujaza fomu ya tathmini, maana wengine watahitaji wasomewe maswali na mjadiliane. Kabidhi nakala safi za nyimbo ulizoziandika na rekodi zote zikiwa na majina na tarehe, na rudisha kila ala na kila uzi ulioazima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kikundi nacho kibaki na faida ya ujio wako.

Chuo kikishasahihisha ripoti yako, rudi kwenye mazoezi hata mara moja kwa mwezi. Kikundi cha watu sita kinahitaji mtu wa saba anayezijua nyimbo, siku mpiga fidla akiugua au akisafiri, na wiki nane ulizokaa nao zimeshakufikisha nusu ya njia ya kuwa mtu huyo.